CHANJO: KUTOKA SINDANO ZA ISTANBUL HADI KLINIKI YETU



Ndugu msomaji, kila mara wahudumu wa afya wanapopita mitaani kuchanja watoto, maswali huwa ni yale yale. Usiku mmoja baada ya taraweh, kijana mmoja ambaye amejaaliwa mtoto wa kwanza alinishika mkono nje ya msikiti akaniuliza: "Kaka, hizi chanjo zatoka wapi? Ndani mna nini? Na kwa nini tuziamini?" Nilimjibu kidogo tu, maana watu walikuwa wanaondoka. Makala hii ndiyo jibu lake kamili, na huenda nawe una swali kama lake. Nivumilie, tutaanza karibu, twende mbali, kisha turudi nyumbani.

MPISHI WA MARKA

Marka ni mji wa kale katika pwani ya Benadir, kusini ya Mogadishu. Mwaka 1977 kulikuwa na kijana hapo aitwaye Ali Maow Maalin, umri wake miaka 23, mpishi wa hospitali. Mwezi wa Oktoba mwaka huo gari lilifika likiwa na watoto wawili wagonjwa wa ndui. Dereva hakujua njia ya kufika mahali pa kuwatenga wagonjwa. Ali akapanda garini amuonyeshe njia. Ilikuwa ni safari ya dakika chache tu.

Siku kadhaa baadaye Ali akashikwa na homa. Kwanza walidhani ni malaria. Tarehe 26 Oktoba vipele vikaanza kutoka, wakasema labda ni tetekuwanga. Haikuwa tetekuwanga, ilikuwa ni ndui.

Sasa sikiliza jambo la ajabu. Kijana huyu aliwahi kufanya kazi na watu wa chanjo, lakini yeye mwenyewe hakuwa amechanjwa sawasawa. Baadaye alisema wazi, bila kujificha, kwamba aliogopa maumivu. Basi maafisa wa afya wakaingia kazini. Kila aliyekutana naye alitafutwa, na katika majuma mawili watu 54,777 walichanjwa Marka na sehemu za kando yake. Ali alipona, alhamdulillah, na hakuna hata mtu mmoja aliyeambukizwa naye.

Yeye ndiye aliyekuwa mtu wa mwisho duniani kupata ndui kwa njia ya kawaida ya kuambukizana. Mwaka uliofuata, 1978, kulitokea ugonjwa huo mara moja huko Birmingham, Uingereza, lakini ulihusishwa na maabara, na mama mmoja akafa. Baada ya hapo, basi. Tarehe 26 Oktoba 1979, miaka miwili kamili tangu Ali atoke vipele, Shirika la Afya Duniani lilitangaza hapa Nairobi kwamba Pembe ya Afrika imesafika. Tarehe 8 Mei 1980 likatangaza kwamba dunia nzima imesafika.

NDUI ILIKUWA NINI?

Wewe kijana wa leo hujaiona ndui, na huo wenyewe ni ushahidi. Waulize wazee. Ilikuwa homa kali, kisha mwili mzima wafunikwa na malengelenge yenye usaha, uso, viganja, hadi nyayo. Katika kila wagonjwa kumi, watatu hivi walikufa. Waliopona walibaki na mashimo usoni, na wengine walipofuka macho. Wanahistoria wanakadiria kwamba katika karne ya 20 peke yake iliua watu wapatao milioni 300. Hapa kwetu, ile njaa kubwa ya miaka ya 1898 hadi 1900 iliandamana na ndui, na katika sehemu za bara vijiji vikabaki mahame.

Bibi yangu, Allah amrehemu, alikuwa na kovu la mviringo begani. Tulipokuwa watoto tukimuuliza, alisema, "Hii ni stempu ya serikali." Tulikuwa tukicheka. Sikujua kwamba lile kovu ndilo lililomfanya aishi hadi akawa bibi yangu.

AL-RAZI ATENGANISHA MAGONJWA MAWILI

Turudi nyuma zaidi ya miaka elfu moja. Katika mji wa Rayy, karibu na Tehran ya leo, alizaliwa tabibu Abu Bakr Muhammad bin Zakariya al-Razi, yapata mwaka 865. Alisimamia hospitali kwao Rayy na pia Baghdad. Miongoni mwa vitabu vyake vingi kuna kimoja kuhusu al-judari na al-hasba, yaani ndui na surua.

Wakati ule magonjwa haya mawili yalichanganywa. Yote huleta homa, yote huleta vipele, yote huua watoto. Al-Razi aliwaangalia wagonjwa mmoja mmoja, akaandika dalili za kila ugonjwa, homa yaanza vipi, mgongo wauma au la, vipele vyatoka namna gani. Kitabu chake kilitafsiriwa kwa Kilatini na lugha nyinginezo, na madaktari wa Ulaya walikisoma kwa mamia ya miaka.

Al-Razi hakugundua chanjo, tusimsingizie. Lakini huwezi kumzuia adui ambaye humjui kwa sura. Hatua ya kwanza ilikuwa hiyo.

AKINA MAMA WA ISTANBUL

Tangu zamani watu waliona jambo moja: aliyeugua ndui akapona, haimrudii tena. Basi wenye akili wakajiuliza, je, twaweza kumpa mtu ndui kidogo, kwa makusudi, akiwa mzima na mwenye nguvu, ili asije akapata ile kubwa? China walikuwa wakipuliza unga wa magamba ya vipele puani. India walikuwa wakichanja ngozi. Katika sehemu za Afrika pia mambo haya yalijulikana, na katika dola la Uthmaniya vile vile.

Mwaka 1717 alifika Uturuki mwanamke wa Kiingereza, Lady Mary Wortley Montagu, mke wa balozi. Kaka yake alikufa kwa ndui mwaka 1713. Yeye mwenyewe iliyompata mwaka 1715 ilimwachia makovu na kumng'oa kope zote. Huko Edirne na Istanbul aliona ajabu: joto la kiangazi likipungua, familia hukusanyana, kisha huja mama mmoja mzee na kifuu cha kokwa chenye usaha wa ndui. Hukwaruza ngozi kwa sindano, hutia usaha kidogo, hufunga. Baada ya siku nane hivi watoto hupata homa, hulala siku mbili tatu, kisha huamka wakacheza.

Mwezi Machi 1718 Lady Mary alimchanja mwanawe huko huko Istanbul. Aliyefanya kazi hiyo alikuwa mama mzee wa Kigiriki, akisaidiwa na daktari wa ubalozi, Charles Maitland. Naam, mama huyo alikuwa raia wa dola la Kiislamu lakini si Mwislamu. Nasema hivi kwa sababu twapenda kujisifu kwamba chanjo ni yetu peke yetu. Ukweli ni kwamba elimu hii ilipita mikono mingi: Wachina, Wahindi, Waafrika, Waturuki, Wagiriki.

Mwaka 1721 ndui ilipoingia London, alimchanja binti yake mbele ya madaktari. Mwaka huo huo wafungwa sita wa jela ya Newgate waliahidiwa uhuru wakikubali kujaribiwa. Wote sita walipona wakaachiliwa.

Na upande wa pili wa bahari, Boston, mtumwa Mwafrika aitwaye Onesimus alikuwa amemweleza bwana wake, kasisi Cotton Mather, kwamba yeye alichanjwa hivyo Afrika tangu zamani. Ndui ilipoingia mjini mwaka huo wa 1721, daktari Zabdiel Boylston aliwachanja watu zaidi ya 240. Walikufa sita, yaani wawili au watatu katika kila mia. Kwa wale walioambukizwa wenyewe, walikufa kama 14 katika kila mia. Watu wengi walimpinga Boylston kwa hasira. Unaona basi, maneno ya kupinga chanjo si ya leo wala si ya Waislamu.

Lakini njia hii ilikuwa na hatari ya kweli. Uliyempa ilikuwa ndui yenyewe. Wachache walikufa, na aliyechanjwa aliweza kumwambukiza jirani. Ilihitajika njia salama zaidi.

NG'OMBE NA JINA LA CHANJO

Katika mashamba ya Uingereza wakamuaji walijua kwamba aliyeugua ndui ya ng'ombe, ugonjwa mdogo wa vipele mikononi, hashikwi na ndui ya watu. Tarehe 14 Mei 1796 daktari Edward Jenner alichukua usaha kutoka mkono wa mkamuaji Sarah Nelmes, akamchanja mtoto wa miaka minane, James Phipps. Mwezi Julai akamchanja kwa ndui halisi. Mtoto hakuugua. (Leo hakuna daktari atakayeruhusiwa kumjaribu mtoto namna hiyo, na ni sawa asiruhusiwe.)

Kilatini cha ng'ombe ni vacca, na kutoka hapo Wazungu wakapata jina lao la chanjo. Sisi jina letu latokana na kitendo: kuchanja ni kukata, kama mtu achanjavyo kuni au ngozi. Ndiyo maana hata yale matone ya polio ambayo hayakati chochote twayaita chanjo.

Wakati ule hapakuwa na friji. Mwaka 1803 Uhispania ilipotaka kupeleka chanjo ya Jenner ng'ambo, walipandishwa merikebuni watoto yatima 22, wakawa wakichanjwa wawili wawili, kutoka mkono hadi mkono, ili dawa isife njiani.

Baadaye alikuja Louis Pasteur wa Ufaransa. Yeye ndiye aliyeonyesha kwamba vijidudu vyaweza kudhoofishwa maabara kwa makusudi, bila kungoja ng'ombe. Mwaka 1881 alichanja kondoo dhidi ya kimeta mbele ya watu, na tarehe 6 Julai 1885 alimtibu Joseph Meister, mtoto wa miaka tisa aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa. Mtoto aliishi. Kuanzia hapo mlango ukafunguka.

CHANJO HUFANYA KAZI VIPI?

Hebu fikiria mtaa wenu una walinzi. Mwizi akija mara ya kwanza hawamjui, watakurupuka, na kabla hawajajipanga ameshaiba na kuua. Lakini wakishamuona mara moja, wanakariri sura yake. Akirudi, wanamdaka getini.

Mwili una walinzi namna hiyo ndani ya damu. Wapo wanaotengeneza kingamwili, vitu vidogo vinavyomganda mdudu asiweze kuingia. Wapo wanaoua seli zilizokwisha kuingiliwa. Na wapo wenye kumbukumbu, ambao hukaa miaka mingi wakingoja. Kazi ya chanjo ni kuwaonyesha walinzi sura ya mwizi kabla mwizi hajaja. Tofauti ya aina za chanjo ni tofauti ya namna unavyowaonyesha.

Aina ya kwanza: mdudu hai aliyedhoofishwa. Huyu ni mwizi mwenyewe lakini amefungwa mikono. Ndani yake mna chanjo ya surua, ya homa ya manjano, matone ya polio, na BCG ya kifua kikuu. Ile BCG ina kisa chake. Wafaransa Calmette na Guérin walichukua bakteria wa kifua kikuu cha ng'ombe, wakamhamisha kutoka chakula hadi chakula mara 230, kwa miaka 13, hadi akapoteza ukali. Mtoto wa kwanza alipewa mwaka 1921. Tazama mkono wako wa kushoto chini ya kiwiko. Kile kikovu kidogo ndicho hicho. Chanjo za aina hii hufundisha walinzi vizuri sana, lakini mwenye kinga dhaifu sana hapewi hivi hivi, na mja mzito pia, mpaka daktari aseme.

Aina ya pili: mdudu aliyeuawa. Huu ni mwili wa mwizi, wazungushwa mtaani ili walinzi wamtambue. Hawezi kukuambukiza, lakini fundisho lake huwa hafifu kidogo, kwa hivyo hurudiwa. Sindano ya polio aliyoitengeneza Jonas Salk, iliyotangazwa mwaka 1955, ni ya aina hii. Chanjo ya kichaa cha mbwa ya siku hizi pia, na ile sehemu ya kifaduro katika sindano ya watoto.

Aina ya tatu: sumu iliyovunjwa makali. Kuna vijidudu ambavyo vyenyewe si tatizo kubwa, tatizo ni sumu vinayotoa. Pepopunda na dondakoo ni hivyo. Wataalamu huchukua sumu hiyo wakaibadilisha isidhuru, lakini sura yake ikabaki. Ndiyo maana mama mja mzito huchomwa sindano ya pepopunda: kinga yake humpitia mtoto tumboni, ili kitovu kikikatwa, mtoto awe na kinga tayari.

Aina ya nne: kipande cha mdudu. Hapa walinzi waonyeshwa kofia ya mwizi tu. Chanjo ya homa ya ini aina ya B ina protini moja tu ya kirusi, na protini hiyo hutengenezwa na hamira. Ndiyo, hamira, jamaa ya ile ya mandazi. Chanjo dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi, ambayo Kenya ilianza kuwapa wasichana mwaka 2019, ni ya ukoo huu. Wakati mwingine kipande chenyewe ni sukari iliyofunika bakteria. Lakini mtoto mdogo walinzi wake hawaijali sukari, basi wataalamu wakaiunganisha na protini ili ishtue. Kenya ilianza kutoa chanjo ya namna hiyo dhidi ya bakteria aitwaye Hib, anayeleta homa ya uti wa mgongo na nimonia, mwaka 2001. Watafiti wa Kilifi walihesabu: katika miaka michache tu, ugonjwa huo mkali wa Hib kwa watoto wadogo ulipungua kwa asilimia 88. Hiyo ni Kilifi, si Ulaya.

Aina ya tano: barua ya maagizo. Hii ndiyo mpya. Hupewi mdudu wala kipande chake. Seli zako hupewa maagizo ya kushona ile kofia zenyewe kwa muda mfupi, walinzi waione, kisha maagizo yanavunjika na kutoweka. Barua yaweza kubebwa na kirusi kingine kisichodhuru, kama ile chanjo ya AstraZeneca iliyofika Kenya mwezi Machi 2021. Au yaweza kuviringwa katika kijipande cha mafuta, nayo ndiyo wanaita mRNA. Chanjo ya kwanza ya mRNA kukubaliwa dhidi ya Covid-19, Desemba 2020, ilitoka kwa kampuni iliyoanzishwa Ujerumani na mume na mke, Uğur Şahin na Özlem Türeci. Bwana alizaliwa Uturuki, na bibi ni binti wa wahamiaji wa Kituruki. Karne tatu baada ya Lady Mary.

MBONA WATU WANAOGOPA?

Tusiwacheke wenye hofu. Makosa yametokea. Mwaka 1955 huko Marekani kiwanda kimoja hakikuua vizuri virusi vya polio katika chanjo, na watoto wakachomwa virusi hai. Watu 10 walikufa na 200 hivi walipooza. Kosa hilo ndilo lililoleta ukaguzi mkali zaidi wa viwanda. Tena ni kweli kwamba yale matone ya polio, mahali ambapo watoto wengi hawajachanjwa, kwa nadra sana kirusi kilichodhoofishwa huzunguka muda mrefu mpaka kikarudia ukali. Dawa ya hilo si kuacha chanjo. Dawa ni kumchanja kila mtoto, ili kisipate pa kuzungukia.

Lakini kisa cha Kano, kaskazini ya Nigeria, ndicho chatuhusu zaidi. Mwaka 1996, wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo, kampuni kubwa ya dawa kutoka Marekani ilijaribu dawa yake mpya huko kwa watoto wapatao 200. Wazazi walilalamika kwamba hawakuelezwa kuwa ni majaribio. Watoto wengine walikufa, kesi ikavutana miaka mingi, na mwaka 2009 kampuni na jimbo la Kano wakapatana nje ya mahakama. Sasa, mwaka 2003 watu wa polio walipobisha hodi, unatarajia wazazi wale waseme nini? Uvumi ukaenea kwamba matone yana dawa ya kuzuia uzazi. Kano ikasimamisha chanjo kwa miezi kama 11.

Hofu yao ilikuwa na chanzo, lakini waliolipa ni watoto. Polio ililipuka upya Nigeria, kisha ikasafiri: Sudan, Yemen, Saudi Arabia, hadi Indonesia, ambako haikuwa imeonekana kwa miaka kumi. Watoto zaidi ya 300 wa Indonesia walipooza. Na hapa pana uchungu: Kano ilipokubali kurudia chanjo mwaka 2004, ilichagua matone yaliyotengenezwa Indonesia, kwa sababu ni nchi ya Waislamu. Masheikh na masultani wa kaskazini ndio waliosimama mbele, wakawatia matone watoto wao wenyewe hadharani. Tarehe 25 Agosti 2020 Afrika ilithibitishwa kuwa haina tena polio ya asili. Mwaka 2022 ilionekana tena Malawi na Msumbiji, ikiwa imetoka nje, na ikabidi kazi kurudiwa upya.

Somo ni mbili. Wakubwa wa afya, waelezeni watu ukweli wote, kwani imani iliyovunjika hairudi kwa vipaza sauti. Na sisi wazazi, tuulize, tudai kuelezwa, lakini tusimfanye mtoto ndiye mwenye kulipa gharama ya shaka zetu.

HALALI, HARAMU, NA SAUMU

Kuna chanjo chache zinazohifadhiwa kwa jelatini ya nguruwe. Swali hili si la kijinga, na wanavyuoni wamelikalia. Mwaka 1995 huko Kuwait wanavyuoni na wataalamu zaidi ya 100 walijadili jambo hilo, wakaona kwamba kitu kilichobadilika kabisa asili yake, yaani istihala, hukmu yake hubadilika. Baraza la Maulamaa la Indonesia mwaka 2018 halikufuata njia hiyo. Lilisema chanjo fulani ya surua na rubela ina kilicho haramu, lakini ikaruhusiwa kwa dharura, kwa kuwa hapakuwa na nyingine na maradhi ni hatari. Unaona, njia mbalimbali, lakini wote walifika mahali pamoja: mtoto achanjwe.

Na sindano mchana wa Ramadhan? Mufti mkuu wa Saudi Arabia alisema mwaka 2021 kwamba chanjo ya Covid-19 haifunguzi, maana si chakula wala kinywaji. Wanavyuoni wengi wengine wamesema hivyo hivyo. Ukiwa na wasiwasi, muulize ustadh wako, au nenda baada ya kufuturu kama kliniki iko wazi.

Tena anayekusudia Hija ajue: bila cheti cha chanjo ya homa ya uti wa mgongo hapewi viza. Sharti hilo lilitokana na mlipuko miongoni mwa mahujaji mwaka 1987, na mwingine wa aina tofauti mwaka 2000 ukafanya chanjo iongezwe nguvu. Mtume (s.a.w.) alitufundisha kutafuta matibabu, tena alitufundisha tusiingie wala tusitoke penye tauni. Maana yake maradhi yangu si yangu peke yangu.

TURUDI KLINIKI

Mtoto wa Kenya hupewa chanjo ya surua ya kwanza akiwa na miezi tisa. Kabla ya hapo amesimama wazi, hana ngao ila moja: wewe, mimi na watoto wakubwa wa mtaa wake tuwe tumechanjwa, ili surua isipate daraja la kumfikia. Surua huenea upesi mno hata wahitajika watoto 95 katika kila 100 wachanjwe ndipo isimame. Ukimwacha wako, umemwacha wazi na wa jirani.

Basi, leo kabla hujalala, fungua kile kijitabu cha kliniki. Tazama ni sindano gani haijatiwa tarehe. Kama imepita, usione haya kurudi. Mwambie dada muuguzi akueleze, "Hii ni ya nini? Ni aina gani? Itamfanya nini mtoto usiku?" Homa ndogo na mkono kuvimba ni jambo la kawaida, hao ni walinzi wanajifunza. Hali ikizidi, mrudishe hospitali.

Namalizia na Ali Maow Maalin. Miaka yake ya baadaye aliingia kazi ya polio huko Somalia. Alikuwa akienda nyumba kwa nyumba, na mama akikataa, yeye humsimulia: mimi ndiye niliyekuwa wa mwisho kupata ndui, kwa kuogopa sindano, usifanye kosa langu. Wengi walikubali, kwa sababu alikuwa ni mtu wao na hakuficha kosa lake. Mwaka 2013 polio iliporudi Somalia, alirudi tena kazini. Akiwa katika kazi hiyo alishikwa na malaria, akafariki tarehe 22 Julai 2013, katikati ya mwezi wa Ramadhan.

Malaria wakati ule haikuwa na chanjo. Miaka sita baadaye, Septemba 2019, watoto wa magharibi mwa Kenya walianza kupewa ya kwanza.

Yule kijana wa nje ya msikiti, ikiwa unasoma, hili ndilo jibu langu. Mpeleke mtoto.

Wabillahi tawfiq. Ramadhan Kareem.